Usaili wa urubani Arusha na Moshi: maswali mnayoniuliza kila wiki

Kila wiki simu yangu inapokea ujumbe wa aina moja: "Shikamoo dada, nimeitwa usaili Kisongo Alhamisi, niseme nini?" Nikijibu mmoja mmoja sitapata muda wa kuruka, kwa hiyo nimeyakusanya maswali yenu hapa. Mengine nimeyajibu kwa kirefu maana ndiyo yanayowaangusha watu. Mengine hayahitaji zaidi ya mistari miwili.

Kwanza, wewe ni nani?

Mtoto wa Kibosho, naishi Sakina, narusha Caravan, ndege ndogo ya injini moja, kutoka Kisongo kwenda mbugani. Nimefanyiwa usaili mara nne: mara mbili nimeachwa, mara mbili nimechukuliwa. Siku hizi huitwa kukaa upande wa pili wa meza, kiti cha pembeni, niandike na kuuliza swali moja au mawili. Kile kiti cha pembeni kimenifundisha kuliko vile vinne vya mwanzo. Ninayosema hapa ni yangu, si ya kampuni yoyote.

Kazi ziko Kisongo, KIA au Dar?

Kisongo, yaani Uwanja wa Ndege wa Arusha, ndiko nyumbani kwa ndege ndogo za watalii. Asubuhi Caravan zinajipanga kama vifodi stendi: Manyara, Seronera, Ndutu, Kogatende. Kwa rubani mwenye saa chache za kuruka, mlango uko hapo. KIA, yaani Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro, uliofunguliwa mwaka 1971 katikati ya Arusha na Moshi, unapokea ndege kubwa, lakini kampuni nyingi zenye ATR, Dash 8 na Airbus zina makao makuu Dar es Salaam, na usaili wao mara nyingi utakupandisha basi hadi huko.

Kama unatokea Moshi, lala Arusha usiku wa kuamkia usaili. Foleni ya Usa River na Tengeru haijui kwamba wewe ni rubani.

Nina saa 200 tu. Niombe au nisubiri?

Omba. Leseni ya urubani wa biashara kwa viwango vya kimataifa inataka saa 200 za kuruka, au 150 kwa aliyesoma mfululizo kwenye kozi iliyoidhinishwa, kwa hiyo kila mwenye leseni mpya yuko hapo hapo ulipo. Leseni ya juu kabisa, ile ya kuwa kapteni kwenye ndege za marubani wawili za mashirika, inataka saa 1,500. Kati ya 200 na 1,500 kuna nyika ndefu, na wengi tumeivuka kwa miguu.

Anayekuzuia si kampuni peke yake. Bima ya ndege nayo huweka kiwango chake cha chini cha saa kwa anayekaa kiti cha kushoto, kile cha kapteni, na bosi hata akupende vipi hawezi kukiruka. Ndiyo maana wengine huanzia kiti cha kulia, na wengine huanzia ofisini. Mimi nilianza kwa miezi tisa ya kupima mabegi ya watalii na kujaza karatasi ya uzito. Niliona aibu. Baba alikuwa ameuza ng'ombe na kiwanja cha Pasua kunisomesha, na pale kijijini kila Jumapili nilikuwa naulizwa ni lini nitawapitishia ndege juu ya kanisa. Lakini kwenye usaili wa tatu, nilipoulizwa uzito na mizani ya Caravan, nilijibu kama mtu anayetaja majina ya ndugu zake.

Niende na karatasi gani?

Leseni, cheti cha afya daraja la kwanza, cheti cha lugha, pasipoti, kitambulisho cha NIDA, vyeti vya shule na daftari la saa. Zipange kwenye faili moja kwa mfuatano ule ule wa tangazo. Angalia tarehe. Cheti cha afya cha daraja la kwanza kwa aliye chini ya miaka 40 hudumu miezi 12, na nimeshamwona mtu akija na cha miezi 13. Hakukaa dakika kumi.

Daftari la saa husomwa kuliko barua yako ya maombi. Kuna kapteni mmoja ninayemfahamu ambaye haanzi ukurasa wa kwanza. Analifungua katikati, anaweka kidole kwenye mstari wowote, anauliza: "Siku hii ilikuwaje?" Kama uliruka kweli utakumbuka kitu: upepo, mwalimu mkali, redio iliyokuwa inakwaruza. Kama ni saa za kalamu utaangalia dari. Kijana mmoja aliulizwa hivyo, akasema, "Siku hiyo nilitua vibaya, tairi likapasuka, mwalimu akaninyamazia hadi jioni." Kidole kikaondoka kwenye mstari na daftari likafungwa. Yule sasa anaruka.

Jumla ya kila ukurasa ikutane na ya ukurasa unaofuata. Umekosea? Piga mstari mmoja juu ya kosa, andika lililo sahihi, tia saini. Wino mweupe wa kufutia usiuguse. Ukurasa wenye wino mweupe unatia shaka hata kama ulichofuta ni jina la kiwanja tu.

Nimesomea Afrika Kusini, au Nairobi. Leseni yangu inatosha?

Kurusha ndege yenye herufi 5H ubavuni, yaani iliyosajiliwa Tanzania, unahitaji leseni yako itambuliwe au ibadilishwe na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Anza kabla ya kutuma maombi. "Niko kwenye mchakato" ni jibu linalokubalika. "Nitaanza mkinichukua" silo.

Huwa wanaita lini?

Watalii ni wengi kuanzia Juni hadi Oktoba, kisha Krismasi hadi Februari. Aprili na Mei, masika, kambi kadhaa hufungwa, ndege zinaingia karakana, na mabosi wanapata muda wa kukaa kitako wahesabu marubani walionao. Peleka maombi Februari au Machi. Peleka kwa mkono pia, si barua pepe tu. Kisongo ni kijiji: mama anayeuza chai pale nje anawajua marubani wakuu karibu wote, na anajua pia nani alimjibu mlinzi vibaya.

Kuna mtu amenipigia, anataka nitume hela nipangiwe usaili.

Tapeli huyo. Kata simu.

Nivae nini?

Shati jeupe lililopigwa pasi, suruali au sketi ya rangi ya giza, viatu vya kufunga. Mabega ya shati yawe matupu, bila mistari ya cheo. Usivae mistari ambayo hujapewa na mtu. Julai beba koti. Na kwa sababu ya vumbi, panda kifodi na kandambili, viatu ukavivalie karibu na geti. Hata marubani wakubwa hufanya hivyo, ila hawasemi.

Nizungumze Kiswahili au Kiingereza?

Salamu ni kwa Kiswahili: shikamoo kwa wanaostahili, mlinzi na anayekuletea maji wakiwemo. Kapteni mwite kapteni hata kama ni mjomba wako. Hasa kama ni mjomba wako. Mambo ya kiufundi yatakuja kwa Kiingereza, maana ndiyo lugha ya redio, na cheti chako cha lugha lazima kiwe angalau kiwango cha 4 katika ngazi sita za ICAO, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga. Ukikwama neno, eleza kwa Kiswahili kisha rudia kwa Kiingereza chako hicho hicho. Lafudhi yako ya Kichaga au Kimeru haina shida yoyote. Shida ni wale wanaoongea mbio kama mpiga debe wakidhani ndiyo ufasaha; mnara hautakuelewa, na jopo linalijua hilo.

Wanauliza nini cha kiufundi?

Hapa ndipo watu wanapokosa usingizi kwa vitu visivyo. Mtu anakariri mfumo wa umeme wa Boeing wakati anaomba kurusha Caravan. Soma ndege ya kampuni hiyo na viwanja inavyotua. Majopo ya Kisongo yana ugonjwa wao mmoja: kimo na joto.

Swali hili nimelisikia kwenye kila usaili niliokaa: "Ni saa nane mchana, nyuzi 28, uko mwanzo wa barabara ya kurukia hapa Arusha. Ndege yako inajihisi iko futi ngapi?" Usikurupuke. Omba karatasi. Kiwanja kiko kama futi 4,550 juu ya bahari. Kwa hewa ya kawaida, baharini ni nyuzi 15, na zinapungua nyuzi 2 kila futi 1,000, kwa hiyo hapa ilipaswa kuwa kama nyuzi 6. Leo ni 28, zimezidi 22. Kila nyuzi iliyozidi inaongeza kama futi 120, na 22 mara 120 ni 2,640. Jumlisha: karibu futi 7,200, tukichukulia shinikizo la kawaida la 1013.

Wengi wakifika hapo wanaweka kalamu chini na kutabasamu. Ndipo linakuja swali lenyewe: "Kwa hiyo?" Kwa hiyo hewa ni nyepesi. Kipimo cha mwendo kikisoma noti 70 (maili za baharini kwa saa), kwa kweli unakimbia kama 78, maana kipimo nacho kinapimia hewa hiyo hiyo nyepesi. Unakula barabara ndefu zaidi kabla ya kuinuka, propela inashika hewa kidogo, na ukishainuka unapanda kivivu. Hapo sasa sema utakachofanya: kupunguza mzigo, kupunguza mafuta kama safari inaruhusu, kusubiri jua lipoe. Na sema kwamba ungefungua jedwali la kitabu cha ndege, kwa sababu hesabu ya kichwa ni ya kukushtua tu. Ya kuruka nayo iko kwenye jedwali.

Swali la pili wanalolipenda ni kusoma hali ya hewa. Wanakupa kikaratasi kama hiki: HTKJ 140500Z 00000KT 3000 BR OVC008 17/16 Q1021. HTKJ ni KIA, na 14 ni tarehe. Mtego wa kwanza ni saa. Z ni saa ya dunia, UTC: 0500Z ukiongeza saa 3 ni 0800, na hiyo kwetu ni saa mbili asubuhi. Nimemsikia mtu mzima akisema "saa tano asubuhi" bila kupepesa. Yaliyobaki ni kusoma: upepo hakuna, unaona mita 3,000, kuna ukungu mwepesi, wingu limefunika anga lote futi 800 juu ya uwanja, joto 17 na kiwango cha umande 16, zimebakia nyuzi moja kukutana.

Kisha kapteni anauliza taratibu, "Na hapa Kisongo je?" Wengi husema, si mbali, itakuwa hivyo hivyo. Hapana. KIA iko kama futi 2,930 juu ya bahari. Ongeza 800, tumbo la wingu liko kwenye futi 3,700 na kitu. Kisongo ni 4,550. Kama wingu lile limetanda sawasawa mpaka huku, Kisongo imo ndani yake. Mtu aliyekulia Arusha akiamka Julai asione hata miguu ya Mlima Meru hahitaji hesabu hiyo, lakini jopo linataka kukuona ukiifanya.

La tatu ni kushuka. Unarudi kutoka Seronera kwenye futi 11,500. Kwanza, kwa nini 11,500 na si 10,500? Kwa sababu unaelekea mashariki: elfu za witiri na 500 juu. Unaanza kushuka wapi? Mzunguko wa kiwanja, ule unaoupita kabla ya kutua, uko futi 1,000 juu ya ardhi, sema 5,500. Una 6,000 za kupoteza. Kila elfu moja ni maili tatu: sita mara tatu, anza maili 18 kabla ya uwanja. Mwendo wako juu ya ardhi ni noti 150, mara tano, unashuka futi 750 kwa dakika. Fanya hesabu hizi ukiosha vyombo mpaka zikuchoshe.

Halafu usishangilie mapema, maana atakuuliza njia. Kwenye nyanda za juu za Ngorongoro kuna Loolmalasin, kilele kinachozidi mita 3,600. Geuza kuwa futi: zaidi ya 11,800. Ile 11,500 yako iko chini ya kilele. Utapita pembeni yake ukikiona, au hutapita. Na ukiomba kupanda zaidi, unajua Caravan haikazwi hewa ndani: juu ya futi 10,000 kwa zaidi ya dakika 30 marubani wanatakiwa oksijeni, na juu ya 13,000 ni muda wote. Swali moja la kushuka limekuwa maswali manne. Ndivyo wanavyouliza.

Nisipojua jibu?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote hapa, na ndilo mnaloliuliza kwa haya.

Usaili wangu wa pili, kampuni siitaji. Meza ya plastiki, feni inalia, chai ya tangawizi imepoa mbele yangu. Kapteni akaniuliza ni wakati gani ninavuta mkono wa kile kichuja hewa kwenye mdomo wa injini ya Caravan, kinachotupa vumbi na barafu nje kabla havijaingia. Nilikuwa nimeona jina lake kitabuni, basi. Nikajibu kwa ujasiri: "Wakati wa kupaa, ili injini ipate hewa zaidi." Ni kinyume kabisa. Ukiuvuta, hewa inazungushwa ili uchafu utoke, injini inapata hewa pungufu kidogo na nguvu inashuka.

Hakunisahihisha. Alisema, "Ahaa. Inaongeza nguvu kiasi gani?" Nikataja namba. "Na kiwanja kikiwa kifupi?" Nikaendelea. "Na ukiwa umejaza abiria?" Nikamalizia. Alinisindikiza na uongo wangu kistaarabu kabisa, kama unavyomsindikiza mgeni hadi barabarani, kisha akafunga kitabu chake na kunishukuru kwa kuja. Ile shukrani niliielewa nikiwa nimeshafika Mianzini.

Leo nikikaa kiti cha pembeni naona kitu ambacho sikukiona siku ile. Mtu akijibu sahihi, kapteni anaitikia kwa kichwa tu. Mtu akikwama, ndipo anachukua kalamu. Anataka kusikia kitakachofuata. Kinachofaa ni kama hiki: "Hilo silijui kwa uhakika, kapteni. Ningelitafuta kwenye kitabu cha ndege, sura ya 7, maelezo ya mifumo." Sura zijue: ya 3 ni dharura, ya 5 ni utendaji wa ndege, ya 6 ni uzito na mizani. Anayejua pa kutafuta anaweza kukabidhiwa abiria tisa. Anayebuni namba kwenye meza ya plastiki atabuni nyingine akiwa juu ya Ziwa Eyasi.

Ila "sijui" ikifika mara ya nane, hapo hujasoma. Hakuna unyenyekevu wa kiasi hicho.

Yale maswali ya "ungefanya nini" nayo?

Kuna mawili utakutana nayo kwa sura moja au nyingine.

La kwanza ni begi. Kampuni nyingi za ndege za mbugani huruhusu kilo 15 kwa abiria, begi laini. Uko Kogatende, ndege imejaa, mgeni analeta sanduku gumu la kamera na lenzi zake, kilo 31. Mwongozaji wake anakwambia kwa Kiswahili ili mgeni asielewe: "Dada, huyu ni mteja mkubwa, nisaidie." Jibu la kitabuni, "nitakataa", halitoshi. Jopo litakusukuma: bosi atakasirika, mgeni atalia, ndege ya mwisho ya leo ni hii. Mimi hupenda mtu anayefungua karatasi ya uzito kwanza, aone kama nafasi ipo kihalali, kisha ndipo aamue. Kama haipo, sanduku linabaki na linakuja kesho, na anampigia bosi yeye mwenyewe kabla bosi hajapigiwa na wakala. Anayekimbilia kusema hapana bila hesabu ananitia wasiwasi karibu sawa na anayesema ndiyo.

La pili ni kapteni mwenyewe. "Kapteni wako ana miaka 58, umemwamkia shikamoo asubuhi. Mko kwenye wingu, mnafika kimo cha mwisho mlichokubaliana, uwanja hauonekani, na bado anashuka." Hapa watoto wa heshima huzama. Wanasema watamkumbusha kwa upole. Upole una muda wake, na pale una sekunde kama tatu. Sema ukweli kwa sauti: "Kapteni, tuko kimo cha mwisho, uwanja hauonekani." Hasikii: "Kapteni, tupae sasa." Bado: unashika usukani, unatamka kwamba umeushika, unapaa. Shikamoo nyingine mtapeana chini.

Waweza kuwatajia ajali ya Tenerife, kisiwa cha Hispania, 27 Machi 1977. Ndege mbili za Boeing 747 ziligongana ardhini kwenye ukungu, watu 583 wakafa. Ndani ya ile iliyoanza kukimbia ili ipae, mhandisi wa ndege aliuliza kama ile nyingine imeshatoka njiani. Kapteni, mtu mkubwa kwenye shirika lake, akajibu kwamba imeshatoka. Mhandisi hakurudia. Mafunzo ya marubani kusemezana wazi bila kujali vyeo yalipata nguvu baada ya ajali za miaka ile, na sisi tuliolelewa tusimkatize mkubwa tunayahitaji mara mbili.

Wataniuliza kuhusu ajali ya Bukoba?

Huenda. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege aina ya ATR 42 iliingia Ziwa Victoria ikijaribu kutua, na kati ya watu 43 waliokuwamo 19 walifariki, marubani wote wawili wakiwemo. Zungumza kuhusu hali ya hewa, kuhusu uamuzi wa kuahirisha kutua, kuhusu kiwanja kilicho kando ya maji. Usiwahukumu marehemu kwa maneno ya vijiweni. Anga la Tanzania ni dogo. Inawezekana mmoja wa waliokaa mbele yako alikula nao.

Mimi ni msichana. Wameniuliza nitaolewa lini.

Nami niliulizwa. Nilijibu, "Swali hilo mnawauliza na wanaume?" kwa tabasamu, wakacheka, tukaendelea. Ukiwa huna tabasamu siku hiyo, ujue Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kubagua mwombaji kwa jinsia, ndoa au ujauzito. Cheti cha afya ndicho kinachosema kama unafaa kuruka. Mimba si siri ya kubeba usukanini, lakini pia si mada ya usaili.

Mtihani wa kuandika na ule wa saikolojia?

Wa kuandika ni hesabu za mafuta, sheria za anga, hali ya hewa. Wa saikolojia jibu kama ulivyo. Maswali yanajirudia kwa maneno mengine, na anayejitengenezea tabia hujisahau kwenye swali la sitini.

Kuruka na mkaguzi kukoje?

Kampuni kubwa hutumia simuleta. Hapa kwetu mara nyingi ni ndege yenyewe, asubuhi mapema, kabla watalii hawajaamka: kona kali za nyuzi 45, kuikaribisha ndege kwenye kuzimika kwa bawa, yaani linapoacha kuinua, na kuitoa, injini ya kujifanya imekufa, upepo wa kando. Sema kwa sauti unachofanya na kwa nini. Mkaguzi hasomi mawazo.

Yangu tulienda Manyara. Kile kiwanja kiko ukingoni kabisa mwa ukuta wa Bonde la Ufa. Unavuka ukingo wa mwamba na ghafla ardhi iko chini ya magurudumu. Hewa inayogonga ule ukuta ilituinua, ikatuachia, bawa la kushoto likashuka. Nilikuwa juu kidogo na kwa kasi kidogo, na barabara inaanza kuisha machoni. Ningeweza kuibana itue. Nikasema "naahirisha," nikasukuma nguvu, tukapaa, tukazunguka. Mara ya pili nikatua vizuri wala si kwa urembo. Mkaguzi hakusema neno mpaka tumezima injini. Kisha akasema: "Ile ya kwanza, ungetua ningekurudisha Arusha kama abiria."

Niulize mshahara?

Uliza, lakini wakishakuuliza kama una swali. Muhimu zaidi uliza haya: nani analipia mafunzo ya aina ya ndege yao, ukilipiwa unafungwa miaka mingapi, ukiondoka mapema unadaiwa nini, kituo ni Arusha au utahamishiwa Zanzibar, posho za kulala nje, siku za mapumziko. Omba mkataba uusome nyumbani. Mtu aliyesomeshwa kwa ng'ombe za baba hatii saini karatasi ambayo hajaielewa.

Wamesema "tutakupigia". Sasa?

Kabla hujapanda kifodi, kaa chini ya ule mti wa nje ya geti na uandike kila swali ulilokosa, kwa maneno yale yale waliyotumia, maana ukifika Mnara wa Saa utakuwa umeshajitungia usaili mwingine mzuri zaidi. Mimi siku ile ya kichuja hewa niliyaandika nyuma ya risiti ya steshenari, maswali saba. Mwaka uliofuata, kampuni nyingine, kapteni mwingine, la tatu lilirudi vile vile lilivyo.